Wakati ufaao kununua umeme wa jua

Uamuzi wa kununua mitambo ya umeme wa jua hutegemea mambo mawili: umbali wa nyumba kutoka kwa transfoma na uwezo wa kubadilisha betri. Mradi wa kitaifa wa kusambaza stima, uliozinduliwa mwaka wa 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600; familia iliyo mbali zaidi haina haja ya kungoja nyaya. Paneli hudumu takriban miaka 25, lakini betri za asidi mara nyingi huchakaa kabla ya miaka 5. Asiyeweka akiba ya betri ya pili atarejelea koroboi. Aidha, katika maeneo ya Mlima Kenya, hesabu ifanywe kwa jua hafifu la Julai, wala si la Januari.