Aya

Neno aya tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni ishara, kisha likawa jina la kila kipande cha sura za Kurani. Na walimu wa insha walipohitaji jina la fungu la sentensi lianzalo mstari mpya, wakaliazima lilo hilo. Laiti wanafunzi wetu wangaliikumbuka maana ile ya kwanza, kwani aya ni ishara kwa msomaji kwamba wazo moja limetimia na jingine labisha hodi.

Juzi nilisahihisha insha ya kijana mmoja juu ya mnada wa samaki. Aya ya kwanza aliamka. Ya pili akapiga mswaki, akanywa chai kwa mkate wa kumimina. Ya tatu alingoja basi. Na mnadani hakufika ila katika mistari minne ya mwisho, ambamo, ajabu, ilijificha sentensi iliyostahili kutangulia zote: dalali ameshika mkia wa jodari, anataja bei kwa sauti iliyokauka. Nilimwagiza afute chai, mswaki na basi, amweke dalali mlangoni, kisha bei ipate aya yake, na ugomvi wa wanunuzi aya yake.

"Na utangulizi, mwalimu?" akaniuliza kwa adabu.

Nikamjibu kwamba dalali ndiye utangulizi. Ama hitimisho, neno lililo la ukoo mmoja na hitima, alikwisha kuliandika pasipo kujua: jodari amekwenda na mwenyewe, dalali anainama kuokota mwingine.