Kipimo cha Choo na Saratani ya Utumbo Mpana: Kutoka Mulago hadi Kabiro

Maabara za Nairobi zimepima choo tangu enzi za ukoloni, lakini kilichotafutwa humo kilikuwa minyoo na amiba. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako maji safi na vyoo vimekuwa haba kwa miongo mingi, sababu ilikuwa wazi. Saratani ya utumbo mpana haikuwa ikifikiriwa, kwani ilihesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu.

Dhana hiyo ilikuwa na msingi wa kitaalamu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Wagonjwa wa saratani hiyo aliowaona walikuwa wachache mno. Mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba chakula chenye makapi mengi ndicho kinga. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walitoa vipimo vyao: wanakijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 za choo kwa siku, huku mabaharia wa Uingereza na wake zao wakitoa kama gramu 104. Ni nadra mizani ya choo kumpa mtu sifa duniani. Hata hivyo, uchache wa wagonjwa hospitalini haukuwa na maana ya uchache wa ugonjwa vijijini, na watu wengi hawakufikia umri ambao saratani hii hushamiri. Jambo hilo lilistahili uzito zaidi kuliko lilivyopewa.

Kipimo cha damu kwenye choo, mojawapo ya dalili za saratani hii, kina umri mkubwa kuliko hoja ya Burkitt. Mwaka 1864 Van Deen wa Uholanzi alitumia utomvu wa mti wa guayaki kutambua damu, nao hugeuka buluu. Mwaka 1901 Ismar Boas wa Berlin aliutumia kutafuta damu isiyoonekana kwa macho ndani ya choo. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kuwa upimaji wa kila mwaka hupunguza vifo vya saratani hii kwa karibu theluthi moja. Kasoro ya guayaki ni kwamba hainyimi damu ya ng'ombe haki yake: aliyekula nyama choma yenye damu anaweza kupata jibu la uongo. Kipimo kipya cha kingamwili hutambua damu ya binadamu pekee, na chakula hakikisumbui.

Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani mwaka 2012. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 ukaweka saratani ya utumbo mpana kwenye uchunguzi, kwa watu wa miaka 45 hadi 75, ikiwemo njia ya kupima choo. Wakati huo ugali wa unga uliokobolewa, chapati na chipsi vilikuwa chakula cha kawaida Nairobi, na ile kinga ya Burkitt ilikuwa imepungua.

Jibu la kuwa na damu si hukumu ya saratani. Bawasiri, vidonda na hata kichocho cha tumbo huweza kuleta damu hiyo, kwa hiyo hufuata kamera ya utumbo, ambayo pia huondoa vijinyama kabla havijageuka saratani. Hapo ndipo penye ugumu kwa mkazi wa Kabiro, huko Kawangware: kopo la choo hubebwa kwa mkono hadi kliniki ya jirani, lakini kamera hupatikana katika hospitali kubwa na kwa gharama kubwa. Na anayeona damu waziwazi, au anayepungua uzito bila sababu, asingoje kipimo cha choo. Amwone daktari moja kwa moja.