Kubadilisha diski ya ndani ya kinasa sauti: nakili kwanza, fungua baadaye

Mtangazaji anapofika kijijini na kukuomba uzungumze, maneno yako huingia kwenye kinasa sauti. Vinasa vingi vya siku hizi huhifadhi sauti kwenye kadi ndogo. Zoom H1n, kwa mfano, hutumia kadi ya microSD kama ile ya simu. Lakini bado vipo vinasa vya zamani kidogo, imara na vyenye sauti safi, ambavyo ndani yake kuna diski kama ya kompyuta mpakato. Miongoni mwake ni Sound Devices 722 na 744T kutoka Marekani.

Diski hiyo huchakaa kabla ya kinasa chenyewe. Kuibadilisha si kazi kubwa kwa fundi mwangalifu. Kubwa ni kilichomo ndani yake: mzee aliyesimulia historia ya ukoo huenda hayupo tena wa kusimulia upya. Ndiyo maana wasikilizaji wetu, tunaieleza kazi hii kwa kuanza na sauti, si skrubu.

Dalili za diski inayochoka

Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na kichwa kinachosoma kama sindano ya santuri, ila hiki hupita juu ya sahani bila kuigusa. Mtikisiko wa pikipiki au kuanguka chini wakati diski inazunguka huweza kukigonganisha na sahani. Vumbi na joto navyo humaliza nguvu ya kifaa polepole.

Dalili ni hizi: kinasa huchelewa kuwaka, kurekodi hukatika katikati, faili hazifunguki, au unasikia mlio wa "tik, tik, tik" ndani. Ukiusikia mlio huo, zima. Kuwasha na kuzima mara kwa mara kwa kubahatisha huweza kuharibu hata kile ambacho fundi wa kuokoa data angekipata.

Hatua za kazi

1. Nakili sauti zote. Ziweke sehemu mbili tofauti, mfano kompyuta na diski ya nje. Hesabu faili na ulinganishe ukubwa wake, kisha sikiliza baadhi mwanzo, katikati na mwisho. Jina la faili kuonekana kwenye kioo si ushahidi kwamba sauti imo. Sauti ya stereo ya ubora wa redio, yaani kilohezi 48 na biti 24, huchukua takriban GB 1 kwa saa. Kwa hiyo diski ya GB 80 huweza kubeba zaidi ya saa 70 za mazungumzo. Tenga muda wa kutosha. Sound Devices 722 na 744T huunganishwa na kompyuta kwa waya wa FireWire, ambao kompyuta nyingi mpya hazina tundu lake, hivyo utafute mapema.

2. Tafuta diski inayolingana. Ukubwa wa inchi 2.5 peke yake hautoshi. Diski za zamani zina safu mbili za pini nyembamba na huitwa IDE. Za baadaye zina kiunganishi bapa na huitwa SATA. Moja haiingii mahali pa nyingine bila adapta. Pima pia unene, na usome kitabu cha kinasa kujua ukubwa wa mwisho kinaoukubali.

3. Ondoa umeme wote. Chomoa chaja na utoe betri. Fanya kazi juu ya meza safi, mbali na upepo wa vumbi. Gusa kwanza kitu cha chuma kilichounganishwa na ardhi, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, usiouhisi, huweza kuunguza saketi.

4. Fungua kwa mpangilio. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, na upange skrubu kwenye karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka. Vuta kiunganishi wima, maana pini zikipinda ni shida kuzinyoosha. Kama kuna mipira ya kuzuia mtikisiko, irudishe kwenye diski mpya. Diski yenyewe usiifungue: chembe moja ya vumbi juu ya sahani inatosha kuiharibu.

5. Fomati kwa kinasa chenyewe. Tumia menyu ya kinasa badala ya kompyuta, ili diski ipangwe kwa namna kinasa kinavyoielewa. Mpangilio unaotumika sana ni FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Kisha rekodi jaribio la saa nzima, usikilize lote, ndipo ukiamini kwa kazi ya nje.

Diski ya zamani inakwenda wapi?

Kufuta faili huondoa jina lake kwenye orodha tu. Sauti yenyewe hubaki mpaka iandikwe juu yake kitu kingine. Katika diski ya mtangazaji huwemo mambo ambayo hayakurushwa hewani: mtu aliyeomba jina lake lisitajwe, au malalamiko kuhusu shamba. Diski hiyo isiuzwe wala kutupwa hivi hivi. Iandikwe upya yote kwa programu maalumu, au sahani zake zivunjwe.

Kwako wewe mwenye simu

Kanuni ni ile ile. Kama una sauti ya bibi au ya kikao cha ukoo kwenye kadi ya simu, inakili mahali pa pili leo, kabla kadi haijaanza kukataa kusomwa. Unapompelekea fundi simu, toa kadi ubaki nayo. Na mtangazaji akikurekodi, una haki ya kumwuliza sauti yako itatunzwa wapi, na nani mwingine ataisikia.