Shikio Linapopapatika

Kiswahili cha anga kilizaliwa majini. Rubani alikuwa mwongoza vyombo kabla hajawa mrusha ndege, na usukani ulikuwa ubao wa tezi kabla haujawa gurudumu la mkononi. Maneno yote mawili tuliyapokea kwa Waarabu, tukayafanya yetu. Basi anayetafuta majina ya mkia wa ndege ndogo ana haki ya kuanzia ufukweni. Hapa Busisi, kwenye Ziwa Victoria, tangu tarehe 19 Juni 2025 magari yanavuka kwa Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita tatu kutoka Kigongo, lakini mitumbwi ingali inaundwa na injini zingali zinafunguliwa na kufungwa. Maneno yapo kazini.

Tatizo lenyewe ni hili: mtu ameunda ndege yake, na siku moja angani mkia unaanza kutetema. Akimwambia fundi "kuna mtetemo", hajamwambia kitu. Mtetemo ni jina la ukoo mzima. Sisi walinzi wa lugha tuna deni la kumpa majina ya wanaukoo.

Tuanze na ndege. "Ndege iliyotengenezwa nyumbani" ni maneno mengi yenye maana hafifu, maana kutengeneza ni pia kukarabati kilichoharibika. Chombo cha majini huundwa. Napendekeza *ndege ya kujiundia*. Kiambishi *-ji-* kinasema mwenyewe ndiye mwenye kazi, na *-i-* ya kutendea inasema kazi ni kwa ajili yake. Morogoro kuna karakana inayounda ndege ndogo za Skyleader. Hizo ni za kuuzwa. Ya kujiundia ina fundi mmoja, na huyo fundi ndiye rubani.

*Usukani* umehama. Zamani ulikuwa nyuma ya chombo, leo uko kifuani pa dereva. Rubani akisema "usukani unatetema", je, ni kile anachokishika au ni ubao ulio mkiani? Jibu la swali hilo ni nusu ya uchunguzi. Usukani ubaki mkononi. Ubao wa nyuma uitwe *shikio*, kama wanavyouita mabaharia wa pwani. Sentensi itanyooka: "Usukani umetulia, shikio linatetema."

Sehemu iliyosimama wima mbele ya shikio, isiyogeuka, haihitaji neno jipya. Kila anayeparua sato na sangara analijua: ni *pezi*. Kazi ya pezi la samaki ni hiyohiyo, kumnyoosha asiyumbe.

Ubao uliolala, unaopandisha na kushusha pua ya ndege, wengi huuita *eleveta*, jina ambalo wengine wanalitumia kwa lifti ya ghorofani. Lugha iliyotupa *kiinua mgongo* haishindwi kutupa *kiinua pua*. Neno linaeleza kazi, na wingi wake, *viinua pua*, hautatizi ulimi. Na kile kibapa kidogo kilichobanwa kwenye ukingo wa shikio ili kumpunguzia rubani nguvu? Droo tuliiita mtoto wa meza. Hiki kiwe *mtoto wa shikio*. Huyu ni mdogo, lakini kiungo chake kikilegea anaweza kuutetemesha mkia wote.

Sasa wanaukoo wa mtetemo. *Mtikisiko* umetokana na kutikisa, na mtikisikaji ana mtikisaji wake. Neno hili tuliweke kwa hewa iliyovurugwa na mwili wa ndege au na bawa, ikaja kuupiga mkia. Mkia hauna kosa. Kosa liko mbele yake.

*Mwitikio* ni wa ngoma. Anayeongoza anatoa sauti, kundi linaitikia. Propela isiyo na uwiano inatetema kwa kasi fulani ya mzunguko, na mkia, ukiwa na tabia ya kutetema kwa kasi hiyohiyo, unaitikia. Punguza mzunguko wa injini, kiitikio kinakoma. Wanaosema *resonansi* hawajakosea, ila mwitikio unaonyesha wawili: anayeanza na anayejibu.

*Mpapatiko* ndio wa kuogopwa. Bendera hupepea, kuku aliyechinjwa hupapatika. Tofauti hiyo Waswahili waliiona zamani: kupepea kunaweza kudumu mchana kutwa, kupapatika ni kwa kiumbe kinachokwisha. Mpapatiko wa shikio haungoji injini wala hewa iliyovurugwa. Unachota nguvu katika upepo uleule unaobeba ndege. Kila pigo linaalika pigo kubwa zaidi, na mkia unaweza kung'oka ndani ya sekunde chache.

Wahandisi wa madaraja wanalihitaji neno hilihili. Tarehe 7 Novemba 1940 daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilijipindapinda hadi likaanguka, miezi minne baada ya kufunguliwa, kwa upepo usiofika kilomita 70 kwa saa. Mkia wa ndege ulikuwa umetangulia kulipa. Mwaka 1916 mkia wa ndege ya kivita ya Handley Page uliposhikwa na mpapatiko, mhandisi Frederick Lanchester alikuta viinua pua viwili havijafungamana, kila kimoja kinaweza kwenda njia yake. Dawa ilikuwa kuviunganisha kwa bomba gumu. Mpapatiko ni mmoja, kwenye daraja na kwenye ndege, na jina liwe moja.

Karakana nazo zinasema "ina plei". Lakini sisi husema jino linacheza, tairi linacheza. Tuchukue *uchezi*. Uchezi ni dalili tu, na Kiswahili kinatenga sababu mbili. *Kulegea* ni kwa nati: inakazwa. *Kulika* ni kwa bushi na pini ya bawaba: havikazwi, vinabadilishwa. Fundi anayeandika "bawaba imelegea" wakati pini imelika atakaza, ataruka, na uchezi utarudi.

Kuna uzito unaowekwa mbele ya bawaba ili shikio lisielemee nyuma. Waholanzi waliifafanua hesabu yake katika miaka ya 1920. Majahazi yana neno la uzito unaotuliza chombo: *farumi*. *Farumi ya shikio* inatosha. Aliyepaka shikio rangi upya ameongeza uzito nyuma ya bawaba, na farumi lazima ipimwe upya.

Na kazi yote hii tuiiteje? *Kuagua* kuna ramli ndani yake. *Kutambua* ni kumjua aliyekwishajulikana. Nachagua *kubaini*, kukifanya kitu kiwe bayana. Mwenye kubaini anauliza swali moja: mtetemo unafuata nini? Ukifuata mzunguko wa injini, ni mwitikio. Ukifuata hewa iliyovurugwa, ni mtikisiko. Ukifuata mwendo wa ndege, ukizidi kadiri mwendo unavyozidi, uhesabu kuwa ni mpapatiko: punguza mwendo, tua, wala usirudi angani kuujaribu.

Haya ni mapendekezo, na mwenye neno bora alilete. Mahali pa kuyapima ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha mafundi wa ndege, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lenye kazi ya kusanifisha. Kipimo nacho ni kimoja: daftari la fundi. Akiandika "shikio: uchezi, pini imelika, farumi haijapimwa", anayelisoma kesho atajua afungue wapi na alete kifaa gani.