CentOS: Distro ya Bure Iliyogombewa Hadi Ikafa

Juni 30, 2024 CentOS 7 ilifika mwisho wa kuhudumiwa. Tangu siku hiyo mradi hautoi tena marekebisho yake ya usalama, na distro iliyokuwa jibu la haraka la mafundi wengi wakiulizwa seva iwekewe Linux gani ikawa imezikwa.

Linus Torvalds alitoa kiini cha Linux mwaka 1991. Slackware na Debian zikazaliwa 1993. Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ikaja 2004, CD zake zikitumwa kwa posta bila malipo, ikapendwa kwenye kompyuta za kawaida. Kwa seva, wengi waliitaka Linux ya kampuni ya Red Hat, ila toleo lake la kudumu lilikuwa la kulipia. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, wanaojitolea waliuchukua, wakaondoa nembo, wakaujenga upya na kuugawa bure. Ndiyo CentOS, mwaka 2004.

Aibu ilikuja Julai 2009. Wajenzi wake, Russ Herrold na Karanbir Singh wakiwemo, walimwandikia mwenzao Lance Davis barua ya wazi. Anwani ya centos.org ilikuwa mikononi mwake, na akaunti ya michango vilevile. Taarifa ya fedha aliyoahidi walikuwa hawajaiona, na yeye mwenyewe alikuwa hapatikani. Wakamtaka ajitokeze wazungumze. Ndani ya siku chache walikutana naye, wakaelewana, mradi ukaendelea. Lakini siri ilishatoka: seva za mashirika na vyuo duniani zilitegemea jina lililoshikwa na mtu mmoja asiyepokea simu.

Red Hat iliichukua CentOS chini ya mwavuli wake 2014. IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34, biashara iliyokamilika 2019. Desemba 8, 2020 likatoka tangazo: CentOS 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Watu waliwaka. Kampuni haidaiwi kugawa bure milele, hilo nakubali. Lakini waliokwisha kuhamisha seva zao kwa kuiamini tarehe ile walikuwa na haki ya kukasirika.

Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux kuziba pengo hilo, jina la kumuenzi mwenzake marehemu Rocky McGaugh. Kampuni ya CloudLinux ikaleta AlmaLinux. Zote mbili zilitoka 2021.

Huku kwetu fundi akishafunga seva na kulipwa, mara nyingi hakuna anayeigusa tena mpaka izime. Basi mwambie fundi wako aandike cat /etc/os-release. Likitokea jina CentOS Linux, iwe 7 au 8, hamieni AlmaLinux, Rocky au Debian mwezi huu. Kompyuta ya nyumbani haina haja ya ugomvi huu. Ubuntu au Linux Mint inaitosha.