Marhamu ya Chunusi na Deni Lake

Katika shule za Manga, ambako Kisii hupakana na Nyamira, kama katika shule zote duniani, kijana afikiapo umri wa kubaleghe huota chunusi usoni. Wengine huinamisha vichwa darasani kwa haya. Wengine hupaka lolote wauziwalo sokoni. Yafaa wajue kwamba dawa ya kweli ipo, na kwamba historia yake inahuzunisha.

Mwaka 1913 wataalamu wawili wa Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis, waligundua katika siagi na kiini cha yai kirutubisho kilichokuja kuitwa vitamini A. Dawa zitokanazo na jamii yake huitwa retinoidi. Mwaka 1962 Günter Stüttgen, tabibu wa Ujerumani, alieleza jinsi asidi ya vitamini hiyo inavyoweza kupakwa juu ya ngozi. Kisha mwaka 1969 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa yafaa kwa chunusi. Chunusi huanza pale vitundu vya ngozi vizibwapo na mafuta na ngozi iliyokufa. Dawa hii huzuia kuziba huko. Mwaka 1971 iliruhusiwa kuuzwa Marekani.

Lakini ilijaribiwa juu ya ngozi ya nani? Tangu 1951 hadi 1974 Kligman aliwafanyia majaribio mengi, na ya dawa hii pia, wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao watu weusi. Walilipwa fedha kidogo, wala hawakuelezwa hatari sawasawa, ingawa Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilikwisha kutaka ridhaa ya kweli ya mtu. Kligman alifariki mwaka 2010. Wakuu wa tiba wa chuo chake waliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022.

Je, tuikatae dawa hiyo? La, kuikataa hakutawafutia wafungwa wale makovu yao. Bali tuulize waliyonyimwa wao: hiki ni kitu gani, nacho kina madhara gani? Tabibu atajibu: hupakwa kidogo, usiku, huweza kuwasha mwanzoni, ngozi huumizwa upesi na jua, nafuu huhitaji kama majuma 12, na mja mzito asiitumie. Auzaye kopo lisilo na maelezo hatajibu neno. Kuuliza si ujinga.