Sheria za teksi na mavazi ya kidini Ulaya: Ni nani mwenye kauli ya mwisho?

MNAMO Desemba 20, 2017, Mahakama ya Haki ya Muungano wa Ulaya (EU) iliamua kuwa kampuni ya Uber hutoa huduma ya uchukuzi, wala si huduma ya intaneti tu kama ilivyodai. Miezi tisa awali, Machi 14, mahakama iyo hiyo ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu waajiri wanaowazuia wanawake Waislamu kuvaa hijabu kazini.

Kesi hizo zilihusu mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Hata hivyo, zote ziliibua swali moja ambalo limewatatiza raia wa Ulaya kwa miaka mingi: ni nani aliye na mamlaka ya kutunga sheria, bunge la nchi au asasi za Ulaya?

Wanasiasa wengi wa bara hilo huelekeza lawama Brussels, makao ya Tume ya Ulaya, kila sheria isiyopendwa inapotajwa. Katika masuala haya mawili, lawama hizo aghalabu humwangukia asiyehusika. Marufuku ya nikabu nchini Ufaransa ilipitishwa na bunge la Paris. Sheria za leseni za teksi hutungwa na serikali za nchi, majimbo na miji. Kazi ya asasi za Ulaya imekuwa kuchora mipaka ambayo watunga sheria hao hawaruhusiwi kuivuka.

Mahakama mbili

Kwanza yafaa kutenganisha mahakama mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Mahakama ya Haki ya EU iko Luxembourg na hufasiri sheria za muungano huo, ambao una nchi 27 tangu Uingereza ijiondoe Januari 31, 2020. Kwa kawaida jaji wa nchi mwanachama huiuliza mahakama hiyo maana ya sheria ya EU, kisha yeye mwenyewe huikamilisha kesi kwa kufuata jibu alilopewa.

Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya iko Strasbourg, Ufaransa, nayo si chombo cha EU. Ni ya Baraza la Ulaya, shirika lililoundwa mwaka wa 1949 na ambalo lina nchi 46, Uingereza na Uturuki zikiwemo. Mlalamishi huifikia baada ya kushindwa katika mahakama zote za nchi yake.

Teksi ni za nchi

Mkataba wa EU unaruhusu kampuni ya nchi moja kutoa huduma katika nchi nyingine bila vikwazo visivyo na msingi. Lakini mkataba huo unauweka uchukuzi kando, uwe na kanuni zake wenyewe. Hata Agizo la Huduma la mwaka wa 2006, lililokusudiwa kufungua soko la huduma kote katika muungano, halikugusa uchukuzi, teksi zikiwemo.

Ndiyo maana kesi ya Uber ilikuwa na uzito. Chama cha madereva wa teksi cha Elite Taxi kiliishtaki kampuni hiyo mjini Barcelona mwaka wa 2014, kikilalamika kuwa iliwatumia madereva wasio na leseni na hivyo kuwapokonya riziki waliotimiza masharti yote. Uber ilijitetea kuwa yenyewe ilikuwa daraja tu kati ya dereva na abiria.

Majaji hawakukubaliana nayo. Walisema kampuni hiyo iliweka kiwango cha juu cha nauli, ilipokea malipo, ilisimamia ubora wa magari na ingeweza kumwondoa dereva asiyefaa. Bila programu yake, madereva hao wasingetoa huduma hiyo. Kwa kuwa EU haikuwa imetunga sheria ya pamoja kuhusu huduma ya namna hiyo, kila nchi ilikuwa huru kuidhibiti. Aprili 10, 2018, mahakama iliongeza kuwa Ufaransa ilikuwa na haki ya kuifanya huduma ya UberPop kuwa kosa la jinai bila kuiarifu Tume ya Ulaya kwanza.

Mambo yalikuwa tofauti katika kesi ya Bucharest, Romania, iliyoamuliwa Desemba 3, 2020. Kampuni ya Star Taxi App iliwaunganisha abiria na madereva wa teksi ambao tayari walikuwa na leseni, wala haikuwapangia nauli. Hiyo, mahakama ilisema, ilikuwa huduma ya mtandao inayolindwa na sheria za EU.

Uhuru wa nchi una kikomo pia. Kanuni za eneo la jiji la Barcelona ziliruhusu leseni moja tu ya gari la kukodi lenye dereva kwa kila leseni 30 za teksi. Juni 8, 2023, mahakama ya Luxembourg iliamua kuwa kiwango hicho kilikiuka haki ya kampuni kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Haki hiyo, tofauti na ile ya kutoa huduma, haikuuacha uchukuzi nje. Jiji laweza kudhibiti msongamano na kulinda mazingira, lakini kulinda mapato ya wenye teksi si sababu tosha.

Kuhusu haki za madereva kama wafanyakazi, EU ilipitisha agizo mwaka wa 2024 kuhusu kazi zinazosimamiwa kupitia programu za simu, na nchi wanachama zikapewa hadi Desemba 2, 2026 kuliingiza katika sheria zao. Uingereza, ambayo imekwisha kujiondoa, ililitatua suala hilo yenyewe: Februari 19, 2021, Mahakama ya Juu jijini London iliamua kuwa madereva wa Uber wana haki za wafanyakazi, ikiwemo ya mshahara wa kiwango cha chini.

Mavazi: kazini, shuleni na barabarani

Katika mavazi ya kidini, jibu hutegemea mahali mhusika alipo.

Shuleni na barabarani, sheria ni ya nchi. Ufaransa ilipiga marufuku alama za kidini zinazoonekana wazi katika shule za umma kwa sheria ya Machi 15, 2004. Sheria ya Oktoba 11, 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011, ilizuia kufunika uso katika maeneo ya umma, faini ikiwa hadi euro 150.

Mwanamke mmoja Mfaransa aliipinga sheria hiyo mjini Strasbourg, akasema alivaa nikabu kwa hiari yake. Julai 1, 2014, majaji 15 dhidi ya wawili waliiunga mkono Ufaransa. Walizikataa hoja kuwa marufuku hiyo ilihitajika kwa usalama wa umma au kwa usawa wa wanawake, lakini wakakubali kuwa nchi inaweza kulinda masharti ya watu kuishi pamoja katika jamii. Majaji hawakuziamuru nchi nyingine zifuate mkondo huo. Uingereza haina marufuku ya aina hiyo.

Strasbourg haikubali kila kitu, hata hivyo. Januari 15, 2013, iliamua kuwa Uingereza ilishindwa kulinda haki ya mfanyakazi wa British Airways aliyekatazwa kuonyesha msalaba wake mdogo. Siku hiyo hiyo muuguzi alishindwa katika madai kama hayo, kwa kuwa mkufu ungehatarisha afya na usalama wadini.

Kazini, EU ina sheria yake. Agizo la mwaka wa 2000 linakataza ubaguzi wa kidini katika ajira. Katika uamuzi wa Machi 2017 uliomhusu mpokezi wa wageni wa kampuni ya ulinzi ya G4S nchini Ubelgiji, mahakama ya Luxembourg ilisema kuwa kanuni ya kampuni inayokataza alama zote za dini, falsafa na siasa si ubaguzi wa moja kwa moja. Lakini katika kesi ya mhandisi wa programu nchini Ufaransa, ilisema kuwa matakwa ya mteja asiyetaka kuhudumiwa na mwenye hijabu hayawezi kutumiwa kama kigezo cha lazima cha kazi.

Julai 15, 2021, katika kesi mbili kutoka Ujerumani, masharti yalikazwa: mwajiri lazima athibitishe kuwa ana haja ya kweli ya kutoegemea dini yoyote. Na Novemba 28, 2023, kuhusu manispaa ya Ans, Ubelgiji, mahakama ilisema kuwa ofisi ya umma inaweza kuwakataza wafanyakazi wake wote alama hizo, ilhali nyingine inaweza kuziruhusu. Kila moja ina nafasi ya kuchagua, mradi ifuate msimamo wake bila upendeleo.

Kilemba na leseni

Kuna wakati masuala haya mawili hukutana. Dereva wa dini ya Sikh nchini Ufaransa alikataa kuvua kilemba ili apigwe picha ya leseni ya kuendesha gari. Novemba 13, 2008, mahakama ya Strasbourg ilitupilia mbali malalamishi yake, ikisema kanuni ya picha ilihusu usalama na utambulisho. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa 1976 Bunge la Uingereza limewaruhusu Masikh wenye vilemba kuendesha pikipiki bila helmeti. Nchi zote mbili zinafungwa na mkataba mmoja wa haki za kibinadamu.

Kwa dereva au mwanamke anayevaa nikabu, tofauti hizi ni za kila siku. Mwanamke anayetembea London bila kusumbuliwa anaweza kutozwa faini akishuka garimoshi mjini Paris. Anayetaka sheria hiyo ibadilishwe atalazimika kuwaendea wabunge wa Ufaransa, kwa kuwa Brussels haikuitunga, na Strasbourg imekwisha kuiruhusu.